Robo, nusu, saa: kumfundisha muuguzi asiogope maumivu ya mgonjwa

Swali: Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja hapa Mombasa. Nina wauguzi 14. Mwaka huu wote wamehudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu maumivu, wakafanya mtihani na wakapita. Lakini wodini hakuna kilichobadilika. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo jana anapewa parasetamoli huku ameuma shuka, mofini inakaa kabatini mpaka inakaribia kuharibika, na kwenye karatasi tunaandika "hana maumivu". Kazi wanaijua, ila wanaogopa. Na yuko mmoja, mkubwa wetu sote kwa umri, anayewaambia wadogo kwamba maumivu hayajamuua mtu. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, tatizo umeshalitaja mwenyewe: wanaogopa. Lau wangekuwa hawajui, siku mbili zile zingewafaa. Hofu haiondoki kwa mtihani. Nitakueleza inavyoondoka, kama nilivyoiona kwa wauguzi niliowafundisha, na kabla yao kwangu mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa zamu ya usiku wodi ya kina mama. Kitanda cha dirishani alilala mama mwenye saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Daktari alimwandikia mofini ya kunywa kila baada ya saa nne. Dozi ya saa nne usiku nilimpa. Ya saa nane nilimkuta amelala, nikasema moyoni ni huruma kutomwamsha. Saa kumi na moja akaamka na maumivu ambayo hata dozi niliyokimbilia kumpa haikuyashika, na mpaka jua linachomoza wodi nzima ilikuwa macho pamoja naye. Kwa miaka mingi nilijisemea kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilipomkuta amelala nilishusha pumzi, kwa sababu nilikuwa nikiogopa asije akakata roho mikononi mwangu na chupa ya mofini iko juu ya meza yangu.

Kwamba mofini ya kunywa hushika kwa muda wa saa nne hivi, nilikuwa nayo daftarini tangu chuoni. Kwamba mgonjwa kama yule anaweza kuandikiwa dozi maradufu wakati wa kulala ili asiamshwe usiku wa manane, hilo pia lilikuwamo. Kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata siku moja ni kumpa mtu mofini, nikatazama saa, nikarudi kitandani kwake kwa wakati unaofaa, nikaona kwa macho yangu dawa imemfanya nini.

Muuguzi anayetoa dawa asirudi hajifunzi kitu. Anaweza kufanya kazi miaka 20 na yote anayoyajua kuhusu mofini yakabaki ya kuambiwa. Anayerudi mara kumi ameona watu kumi wakitulia, wakikohoa vizuri, wakiomba chai. Ameona mmoja akisinzia kupita kiasi na ameona alivyorudi sawa. Huyo haogopi tena, au anaogopa kwa kiasi kinachofaa. Kwa hiyo mafunzo yako yote yajenge juu ya kurudi.

Wafundishe maneno matatu: robo, nusu, saa. Mofini ya mshipani hufika kileleni karibu na robo saa. Ya sindano ya chini ya ngozi au ya msuli, nusu saa hivi. Ya kunywa, saa moja. Hizo ndizo nyakati za kurudi, wala si wakati wa raundi ya dawa inayofuata. Na aliyetoa ya mshipani asiende mbali kabla robo saa haijaisha. Maneno haya yaandike kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati la DDA, yaani la dawa zinazofungiwa kwa ufunguo na daftari, mahali ambapo jicho litayaona kila mkono unapochukua dawa.

Anaporudi, amuulize mgonjwa maumivu yakoje akiwa ametulia, kisha amwombe akohoe au ajigeuze na amuulize tena. Mgonjwa wa upasuaji akilala kimya anaweza kukupa 2 katika 10, na akikohoa ikawa 8. Hiyo 8 ndiyo inayomzuia kuvuta pumzi ndefu. Kisha atazame usingizi wake. Kisha ahesabu pumzi kwa dakika nzima, si sekunde 15 mara nne, kwa sababu pumzi za mtu aliyepata mofini zaweza kuwa na mapengo ambayo sekunde 15 huyaruka. Kisha aandike.

Hapo kwenye usingizi nakaa kidogo, maana ndipo hofu yao yote ilipo. Wengi wanadhani mofini humvizia mtu, kwamba yuko macho anazungumza na mara hapumui. Kwa dozi za wodini haiendi hivyo. Usingizi hutangulia, pumzi hufuata. Wafundishe kuutambua kwa ngazi. Yuko macho kabisa, sawa. Anasinzia, ila ukimwita anaitika na kuzungumza nawe mpaka mwisho, sawa pia, endelea kumtazama. Anakatika usingizini katikati ya maneno yake mwenyewe: hapo simama. Dozi nyingine haitolewi, mwamshe, mwinue mgongo, mwekee oksijeni, kaa naye, mwite daktari. Haamki kwa sauti wala kwa kuguswa, au pumzi zimeshuka chini ya 8: hiyo ni dharura.

Na kwa dharura hiyo iko naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini mwilini. Waulize wauguzi wako leo naloksoni ya wodi inakaa wapi. Wasipojua, usiwalaumu kwa kuogopa mofini. Wanaombwa waendeshe gari ambalo hawajaonyeshwa breki. Waifanyie mazoezi kwa mikono, kwa maji ya chumvi: kichupa cha miligramu 0.4 unakichanganya mpaka kijae mililita 10 kwenye sirinji, kisha unatoa mililita moja moja kila baada ya dakika mbili, ukihesabu pumzi, mpaka mgonjwa apumue vizuri. Huisukumi yote kwa mkupuo. Ukiisukuma, utamwamsha mtu katikati ya maumivu yote aliyokuwa nayo kabla. Na wakumbuke kwamba naloksoni huisha mwilini kabla ya mofini, hivyo mgonjwa aliyeamka bado ni wa kukaliwa karibu. Nimeona wauguzi ambao hofu yao ilipungua nusu siku ile ile walipofanya zoezi hili, kabla hata hawajagusa mofini.

Kuna hofu nyingine ambayo nadhani hapa kwetu ina sura yake. Muuguzi wa Mombasa anapolisikia neno mofini, anamwona teja. Ana binamu aliyepotelea kwenye unga, ana kijana wa jirani aliyeuza mpaka sufuria za mamake, anawapita wengine wamejikunja barazani akienda kazini. Ukimwambia kwa kifupi tu kwamba "mofini ya hospitali haileti uraibu", hakuamini, na ana haki asikuamini. Mpe tofauti zenyewe. Mwili wa mtu yeyote aliyetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ukiikatisha ghafla atatetemeka na kuharisha. Hilo ni jambo la mwili, huondolewa kwa kupunguza dozi polepole. Uraibu ni mtu kuisaka dawa ijapokuwa inamwangamiza, maisha yake yote yakawa ni kuisaka. Mama aliyepasuliwa anayeitazama saa kutani akingoja dozi yake hasaki kitu, ana maumivu. Ukimtuliza, ataacha kuitazama saa. Hatari ya uraibu ipo, hatuifichi, ndiyo sababu dozi zina vipimo na siku zina mwisho. Ila kwa mgonjwa wa siku tatu nne baada ya upasuaji ni ndogo mno kuliko madhara ya kumwacha alivyo.

Na teja mwenyewe akilazwa? Kijana aliye kwenye methadoni ameanguka na tuktuk, mguu umevunjika. Wauguzi wengi watasema tayari anapata dawa yake. Methadoni ya kliniki inamshikilia asirudi kwenye unga, mguu haiutulizi. Iendelee kama kawaida, na dawa ya maumivu iongezwe juu yake, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko cha mwingine kwa kuwa mwili wake umeshazoea. Daktari azungumze na kliniki yake. Huyu naye ni mgonjwa wako.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo silikuti katika mafunzo mengi: namna tunavyouliza. Muuguzi anapita asubuhi, "Hujambo mama?" Mama anajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Muuguzi anaandika: hana maumivu. Dada yangu, huyo mama hajaulizwa lolote. Amesalimiwa, na amejibu salamu kwa adabu aliyolelewa nayo. Kwetu hata anayekufa husema hajambo kwanza. Wafundishe kuimaliza salamu, kuvuta kiti, ndipo waulize: "Sasa niambie, wapi panauma?" Ukikaa, mgonjwa anajua umeuliza kweli. Ukiwa umesimama na faili mkononi, anajua unapita. Na mume akijibu kwa niaba ya mkewe, "huyu yuko sawa", mshukuru kwa heshima kisha umuulize mwenyewe.

Pia wasikie maneno, kwa kuwa Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Kidonda kinachopwita, kikapiga kama moyo, ni tofauti na tumbo linalosokota. Kichwa kinachowanga si kichomi cha ubavuni. Na mgonjwa anayekwambia mguu "unachoma kama moto", "una ganzi", "unanipiga kama stima", huyo anakutajia mishipa ya fahamu, na mofini peke yake huenda isimtoshe. Maneno hayo hayo mwandikie daktari kama yalivyotamkwa, maana yeye ndiye atakayefikiria amitriptilini au dawa nyingine ya mishipa. Muuguzi anayeandika "maumivu makali" ameandika nusu ya alichoambiwa.

Kuhusu kumwamini mgonjwa, wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwaka 1968 muuguzi wa Kimarekani, Margo McCaffery, aliandika jambo lilo hilo kwa lugha ya kazi yetu: maumivu ni yale anayosema mwenye nayo kwamba ni maumivu, na yapo wakati anaposema yapo. Baadaye yeye na Betty Ferrell walitunga maswali ya kuwapima wauguzi, na ndani yake mna wagonjwa wawili. Wote wamepasuliwa tumbo jana, wote wanasema 8 katika 10, presha na pumzi ni zile zile. Mmoja anatabasamu na kupiga soga na mgeni wake, wa pili amelala kimya amekunja uso. Muuguzi anaulizwa aandike kila mmoja ana ngapi, na ampe kiasi gani.

Lifanye zoezi hilo kwenye wodi yako, ila mgonjwa wako anayetabasamu awe kijana wa seli mundu. Huku Pwani tunao wengi, kwa sababu malaria imeishi nasi vizazi na vizazi na anayebeba jeni moja tu ya ugonjwa huo hupata kinga ya malaria kali. Kijana huyo anakuja na maumivu ya mifupa, ameshika simu, anacheka na rafiki, na anakwambia 9. Wodini wanaanza kunong'ona kwamba huyu amezoea sindano. Amezoea maumivu! Ameishi nayo tangu hajaanza kutembea, amejifunza kucheka ndani yake, na anajua kipimo gani humsaidia kuliko daktari anayemwona leo mara ya kwanza. Miongozo ya kimataifa inataka apate dawa ndani ya saa moja tangu afike, kisha aulizwe tena kila baada ya nusu saa hadi saa moja mpaka atulie. Pethidini, sindano nyingine ya maumivu makali, si dawa ya huyu: mabaki yake hujikusanya mwilini na yaweza kuleta mitukutiko kama ya kifafa.

Asiyeweza kusema, mtoto mchanga au mzee aliyepoteza kumbukumbu, atazamwe uso, miguu, kilio, na kama anabembelezeka. Mama mzazi au binti anayemuuguza aulizwe, wao humjua zaidi.

Lakini usiwafanye waabudu namba. Marekani katika miaka ya 1990 ilianza kampeni ya kuyahesabu maumivu kuwa alama ya tano ya uhai, pamoja na joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Nia ilikuwa njema. Mahali pengine ikageuka kuwa namba inaamuru dozi: mgonjwa akisema 7 apewe kiasi hiki, hata kama anasinzia, na wako waliodhurika. Ndiyo maana nasisitiza namba na usingizi viandikwe mstari mmoja, bega kwa bega.

Mengine ni ya haraka. Parasetamoli isidharauliwe. Mtu mzima mwenye ini zima akipata gramu moja kila saa sita, kwa saa na si kwa kuomba, bila kupita gramu 4 kwa siku, mofini anayohitaji hupungua. Sindano ya diklofenaki tunaipenda mno, na mzee mwenye figo dhaifu au aliyepungukiwa maji hulipa gharama yake. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini ya kuendelea inapoanza, kwa maana kichefuchefu huisha siku chache lakini choo kigumu hakizoeleki. Kidonda kinachoumiza kisifungwe upya kabla dawa haijashika: ya kunywa saa moja kabla. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti tofauti, kwa hiyo iandikwe na isomwe kwa miligramu, kamwe si kwa mililita peke yake. Na Ramadhani, anayetaka kufunga akiwa wodini azungumzwe mapema, si saa saba mchana. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, wengi hutulia wakisikia hivyo kwa imamu, na kwa asiyekubali muulize daktari kama vidonge vya kushika saa 12 vinapatikana, apewe wakati wa futari na daku.

Sasa mafunzo yenyewe. Usiwapeleke tena semina. Chagua wauguzi wawili wanaosikilizwa na wenzao, si lazima wawe wenye alama za juu. Wiki ya kwanza usifundishe kitu, chukua karatasi 20 za wagonjwa mwangalie pamoja ni ngapi zina maumivu yaliyoandikwa baada ya dawa, siyo kabla tu. Waache waione hesabu wenyewe. Kisha kila wakati wa kupokezana zamu, mara mbili kwa wiki, dakika 20 kando ya mgonjwa mmoja wa kweli, kwa idhini yake. Na kila muuguzi atoe dozi zake kumi za kwanza za mofini akiwa na mmoja wa wale wawili ubavuni, kwenda na kurudi. Kumi ni kipimo changu mwenyewe. Kufikia ya tano wengi wameshatulia, ila nawaomba wafike kumi ili wakutane na angalau mgonjwa mmoja ambaye mambo hayakwenda kama walivyotarajia.

Wanahitaji pia sauti ya kuzungumza na daktari usiku. Wafanye mazoezi wawili wawili, kwa sauti kubwa: "Daktari, ni kitanda cha 7, amepasuliwa tumbo jana asubuhi. Akitulia ni 5, akikohoa ni 9. Amepata parasetamoli gramu moja saa mbili zilizopita. Yuko macho, pumzi 18. Naomba uandike mofini, na ya ziada ikiwa yatarudi kabla ya wakati." Muuguzi akisema hivyo, ni vigumu kuambiwa angoja asubuhi. Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004, ikawaruhusu wauguzi waliosomea utabibu wa kutuliza kuandika mofini wenyewe. Wewe huna ruhusa hiyo, hivyo mketishe daktari wa upasuaji na mfamasia meza moja, mkubaliane mwongozo ulioandikwa na kutiwa sahihi: dozi ya kuanzia, nani asipewe, nani apigiwe simu na lini.

Mfamasia umhitaji kwa jambo jingine. Wauguzi hawaogopi pumzi tu, wanaogopa kuulizwa miligramu 5 zilizobaki kwenye kichupa zilikwenda wapi. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inatambua matumizi ya kitabibu, na daftari la sahihi mbili lipo kumlinda aliyetoa dawa kwa haki. Mfamasia aje wodini awaonyeshe namna ya kumwaga mabaki mbele ya shahidi na kuyaandika. Wodi za wagonjwa wa saratani na hospisi ya Pwani, inayowatunza wenye magonjwa yasiyopona, wameshazoea kazi hii. Omba wauguzi wako wawili wakakae nao siku chache.

Umebaki na yule mkubwa wenu. Si kweli kwamba maumivu hayajamuua mtu. Asiyeweza kukohoa hupata nimonia, asiyeweza kushuka kitandani damu yake huganda mguuni na donge hilo huweza kufika mapafuni. Lakini usimwambie hayo mbele ya wadogo. Mfuate pembeni, muulize ni mgonjwa gani aliyempa woga. Mara nyingi yupo mmoja, zamani, usiku, bila naloksoni na bila daktari. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwombe yeye ndiye awe wa kuitwa kila mtoto wa zamu anapoona mgonjwa anasinzia kuliko inavyopasa. Amehesabu pumzi za watu kwa miaka mingi kuliko sisi sote. Wiki ya kwanza mpangie zamu moja na mdogo anayeogopa zaidi, na mgonjwa wao wa kwanza awe yule wa kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, ambako wote wawili watamwona bila kuinuka.